Kurukwa na Akili, Kukimbiwa na Watu: Mzee Anayesahau katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Katika fasihi ya Kiswahili, na zaidi katika uhakiki wake, mzee amepewa kazi moja mahususi: kukumbuka. Ndiye ajuaye mipaka ya mashamba, nasaba za koo, ahadi zilizowekwa kabla wahusika wengine hawajazaliwa na makosa yaliyozikwa pamoja na waliyoyatenda. Methali zinamuunga mkono. Penye wazee haliharibiki neno. Jungu kuu halikosi ukoko. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mwandishi wa Mali, Amadou Hampâté Bâ, alipolinganisha mbele ya UNESCO mwaka 1960 kifo cha mzee wa Kiafrika na kuteketea kwa maktaba, aliipa fikra hiyo umbo ambalo limerudiwa tangu hapo katika tasnifu na mihadhara isiyohesabika.

Lakini maktaba huweza kuteketea kabla mzee hajafa. Wapo wazee ambao kumbukumbu zao hutoweka wangali hai, wakaulizia watu waliokwisha kufa, wakapotea njia ya nyumba waliyoijenga wenyewe. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, zaidi ya watu milioni 55 duniani walikuwa wakiishi na maradhi hayo, yanayoitwa dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Baadhi yao hawana mtoto, ndugu wala mwenzi wa kuwakumbusha.

Makala haya yanachunguza nafasi ya mzee wa aina hiyo katika kazi chache zilizoteuliwa, kongwe na za karibuni. Hoja inayojengwa ni kwamba usawiri wa mzee katika kazi hizo, pamoja na mazoea ya wahakiki, umesimama juu ya wazo la mabadilishano: mzee hutunzwa kwa sababu ana kitu cha kutoa, kiwe hekima, radhi au malipo. Mzee aliyesahau hana cha kutoa, na asiye na jamaa hana wa kumdai. Kwa hiyo huanguka nje ya mizani yote miwili.

Sarufi ya kuachwa

Inafaa kuanza na lugha yenyewe, maana ndiyo malighafi ya fasihi. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya uzee: mkongwe, shaibu, ajuza, bi kizee, aliyekula chumvi nyingi. Kwa hali ya akili kufifia uzeeni pana kitenzi kupiswa, na pana misemo kama kurukwa na akili, kupotewa na fahamu na kurudi utotoni.

Misemo inayotumia kauli ya kutendwa inastahili kuangaliwa kwa makini. Katika kurukwa na akili, akili ndiyo mtenda. Imeruka, imekwenda zake. Mzee amebaki pale ilipomwacha. Umbo hilohilo la sarufi ndilo linalobeba misiba ya ujamaa: kufiwa na mke, kukimbiwa na watoto, kuondokewa na ndugu, kuachwa na mume. Mzungumzaji wa Kiswahili anayesema kwamba mzee fulani amepotewa na fahamu na amekimbiwa na wanawe hutumia muundo mmoja mara mbili. Lugha imekwisha kuona kwamba upweke wa ndani na upweke wa nje ni ndugu. Mtu hakutenda lolote, ametendwa.

Kurudi utotoni ni msemo wa namna nyingine. Una huruma ndani yake, kwani humwondolea mzee lawama. Hata hivyo unaficha tofauti kubwa. Mtoto huzaliwa mikononi mwa mtu na kila siku hujua zaidi ya jana. Mzee anayesahau hujua pungufu ya jana, na yule aliyempokea duniani alishakufa. Msemo unampa utoto bila kumpa mlezi. Kurani, katika sura An-Nahl aya ya 70 na sura Al-Hajj aya ya 5, inaitaja hali hii pasi na kuipamba: wapo wanaorudishwa kwenye umri ulio dhaifu kabisa hata wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Jamii ya Waswahili, kwa hiyo, haikungoja hospitali za kisasa kuutambua msiba huu. Uliokosekana ni mhusika wa kuubeba katika fasihi.

Mzee kama ghala, mzee kama ishara

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni mfano bora wa kauli ya mzazi anayekaribia kufa. Mama yu mgonjwa, anamwita bintiye aketi karibu na wino na karatasi, anamwachia wosia. Mwili umedhoofika lakini kumbukumbu ni timamu, na utimamu huo ndio unaoupa utendi mamlaka. Msomaji haambiwi lolote kuhusu harufu ya chumba cha mgonjwa wala mkono unaomnywesha maji. Kitanda cha mauti kimegeuzwa mimbari.

Karibu karne moja na nusu baadaye, Said Ahmed Mohamed anaupeleka mbele zaidi mkondo huo katika Babu Alipofufuka (2001). Hapa hata kaburi halimfanyi mzee asahau. Babu anarudi kutoka kwa wafu ili amkabili mjukuu wake, K, mtu mwenye cheo aliyechagua kuyasahau yaliyomlea. Kusahau ni dhambi ya kijana, kukumbuka ni fadhila ya mzee, na riwaya inapata nguvu zake za kisiasa kutokana na mgawanyo huo. Si haki kumdai mwandishi riwaya ambayo hakukusudia kuiandika. Hata hivyo, ikiwa kusahau ni usaliti daima, mzee anayesahau bila hiari atasomwaje?

Mfano wa tatu ni Kakulu katika Mzingile (1991) ya Euphrase Kezilahabi, mzee aliye mbali na watu. Wahakiki wengi wamemsoma kama taswira ya Mungu, na usomaji huo una mashiko katika matini. Linalostahili kuzingatiwa ni kasi yake. Mara tu mzee mpweke anapotokea, uhakiki humvusha hadi kwenye falsafa, na upweke wenyewe hauulizwi. Nani humletea chakula? Nani hujua kama ameamka? Maswali haya huonekana ya kitoto mbele ya riwaya ya kifalsafa. Lakini uhakiki usioyauliza kamwe humzoesha msomaji kumtazama mzee na kuona kitu kingine.

Katika uhakiki wa madarasani hali ni nyepesi zaidi. Wazee hukusanywa chini ya kichwa kimoja, mgogoro wa ukale na usasa, na kupewa upande wa ukale. Mzee akishakuwa ukale, kuchoka kwake ni kuchoka kwa mila na kifo chake ni ushindi wa mapya. Ni vigumu kumwonea huruma mtu aliyekwisha kugeuzwa enzi.

Radhi, fadhila na malipo

Msingi wa pili wa mabadilishano ni radhi. Katika maadili ya jamii nyingi za Afrika Mashariki mtoto humtunza mzazi kwa mapenzi, na pia kwa kujua kwamba mzazi ana uwezo wa kumridhia au kumlaani. Mwana Kupona anamtajia bintiye wale ambao radhi zao zinahitajika: Mungu, Mtume, baba, mama, na wa tano mume. Mpango huu unachukulia kwamba mwenye kutoa radhi anamjua anayempa. Mama asiyemtambua bintiye, anayemwita mwizi anapoingia na sahani ya wali, anatoa radhi gani? Na akimlaani kwa kumdhania mgeni, laana hiyo inampata nani? Maswali haya yanawakabili watu wa kawaida katika nyumba za Lamu, Kisii na Kakamega, na yana uzito wa kutosha kuibeba tamthilia nzima.

Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, ambayo imetahiniwa katika shule za sekondari za Kenya katika miaka hii ya 2020, inalikaribia jambo hili kuliko kazi nyingine zilizoteuliwa. Sara ni mgonjwa. Mumewe, Yona, ni mtu aliyetekwa na ulevi na ambaye ana mengi ya kujutia. Binti yao Neema anabeba gharama za matibabu, huku mumewe, Bunju, akiwa na hesabu zake kuhusu fedha na msimamo wake kuhusu mama mkwe kulala katika nyumba yake. Arege anafanikiwa kuonyesha kwamba utunzaji wa mzazi ni suala la fedha, nafasi na mila za ukwe kwa pamoja, wala halimalizwi na wimbo wa mapenzi ya mtoto kwa mama.

Hata hivyo, mantiki inayomsukuma Neema ni ya kulipa fadhila: wazazi walimsomesha, sasa ni zamu yake. Na Sara, pamoja na ugonjwa wake, anajua nani ni nani. Anaweza kushukuru. Tamthilia ina bahati ya kuwa na mgonjwa anayemtambua mtunzaji wake.

Mhusika anayeyapita mabadilishano hayo ni Dina, rafiki wa Sara, anayeingia jikoni kumpikia wakati wenye nyumba hawapo au hawawezi. Hana deni la karo wala urithi wa kungojea. Katika mjadala wa tamthilia hii ni rahisi kumweka Dina katika orodha ya wahusika wadogo na kumpita. Kwa mtazamo wa makala haya, yeye ndiye anayelijibu swali ambalo tamthilia haikuliuliza waziwazi: mzee asiye na mtoto karibu atakula nini leo?

Ngano zilijibu swali hilo zamani, kwa sharti. Katika ngano inayosimuliwa kwa sura nyingi barani Afrika, msichana aliyeko safarini anamkuta bi kizee mwenye vidonda kando ya njia, peke yake, anayeomba aoshwe macho au asuguliwe mgongo. Msichana mwenye adabu anafanya hivyo na anatajirika. Mwenzake mwenye kiburi anakataa na anaangamia. Ngano ina hekima: inaliweka jukumu la mzee asiye na jamaa juu ya mpita njia yeyote. Lakini inaliweka kwa ahadi ya malipo. Bi kizee wa ngano anamkumbuka aliyemwosha. Kumbukumbu yake ndiyo hazina, na msikilizaji hafunzwi la kufanya pale ambapo ajuza atasahau kabla maji hayajakauka.

Mfano wa Lear

Kwa kulinganisha, inafaa kuiangalia King Lear ya Shakespeare, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1608. Daktari Alois Alzheimer alieleza kisa cha maradhi yaliyokuja kupewa jina lake mwaka 1906, karne tatu baadaye. Si kazi ya mhakiki kumpima mfalme huyo kama mgonjwa wa kliniki. Wazimu wa Lear unaweza kuelezwa kwa hasira, kwa udhalimu wa mabinti au kwa dhoruba. Linalohusika hapa ni jinsi tamthilia inavyompa akili iliyovurugika nafasi ya kusema, na nani anabaki kusikiliza.

Lear ana jamaa. Anao mabinti wawili aliowagawia ufalme, nao wanampunguzia wafuasi kutoka mia moja hadi hamsini, hadi ishirini na watano, hadi swali la kwa nini anahitaji hata mmoja. Anapokosa familia, walio naye ni Chale wake na Kent, mtu aliyefukuzwa nchini na Lear mwenyewe na ambaye amejigeuza mtumishi ili aweze kumtunza. Lear anapohoji yeye ni nani, Chale ndiye anayemjibu. Kando ya kisa hicho, Gloucester aliyepofuliwa anaongozwa kwa muda na mzee mwingine, mpangaji aliyeishi katika ardhi ya ukoo huo kwa miaka themanini. Mkongwe anamshika mkono mkongwe. Ni tukio fupi sana, na waigizaji wengi hulipita haraka.

Katika onyesho la saba la tendo la nne, Lear anaamka mbele ya Cordelia, binti aliyemkana. Hotuba yake hapo haina fahari. Anataja umri wake kwa kukadiria. Anashuku kwamba akili zake si kamili. Hatambui mavazi aliyovaa wala hakumbuki alilala wapi usiku uliopita. Kisha, kwa kusitasita, anasema anadhani mwanamke huyu ni mwanawe. Shakespeare amempanga mzee huyu kwa kile alichobaki nacho. Hakumfanya ishara ya ufalme unaoporomoka wakati huo. Amemwacha atafute jina la mtu mmoja.

Hata hivyo, sehemu inayohusu zaidi mada hii iko mwishoni. Kent anajitambulisha: mtumishi aliyekuwa naye dhorubani ni yeye. Lear anaonekana kumjua Kent, anamkumbuka pia yule mtumishi, lakini hawezi kuwaunganisha watu hao wawili kuwa mmoja, na anasema kwamba mtumishi amekufa. Kent hapati kutambuliwa alikokungojea. Utunzaji wake wote unabaki bila shahidi ndani ya akili ya aliyetunzwa. Hapa tamthilia inavuka mahali ambapo ngano ya bi kizee ilikomea: inaonyesha wema usiokumbukwa na yule aliyetendewa, na haiuiti wema huo hasara.

Mzee asiye na hadhira

Upo ukweli wa nje ya matini unaoipa mada hii uzito usioepukika. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na umati katika eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, kwa kutuhumiwa uchawi. Mwaka 2008 nyumba za wazee zilichomwa moto katika eneo hilo la Kisii na watu kadhaa wakafa. Katika Kaunti ya Kilifi mauaji ya wazee kwa tuhuma kama hizo yameandamana mara nyingi na ugomvi wa ardhi, na wapo waliokimbilia Kaya Godoma kule Ganze kutafuta usalama. Haiwezi kudaiwa kwamba wote walioshambuliwa walikuwa na maradhi ya kusahau. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mzee anayetembea usiku bila kujua aendako, anayezungumza na watu wasioonekana, anayesimama kwenye ua wa jirani na kushindwa kueleza amefuata nini, analingana neno kwa neno na mchawi wa masimulizi. Jamii humtambua kwa kutumia hadithi ilizonazo. Ikiwa hadithi zilizopo zinamjua mzee mwenye hekima na mzee mchawi tu, anayesahau atawekwa wapi?

Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawahakikishia wazee kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kiasi kinachofaa kutoka kwa familia zao na Serikali. Tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa kuwafikia waliotimiza miaka 70 kwa posho ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Sheria na posho ni hatua za maana, lakini zote mbili zinahitaji mtu anayekumbuka kwamba anazo. Mzee asiyejua tarehe hana namna ya kuidai haki yake pasi na mtu wa pili.

Mtu huyo wa pili ana jina katika nadharia ya fasihi simulizi: hadhira. Fanani husema "Paukwa!" na hadhira hujibu "Pakawa!" Bila jibu hilo hadithi haianzi. Fanani akisahau kipande, wasikilizaji humkumbusha. Akirudia, wanafurahia, kwani takriri ni pambo la usimulizi. Mzee anayesahau hufanya mambo hayohayo. Husimulia kisa kimoja mara nne kwa siku na hungoja kuitikiwa. Akiwa na jamaa, aghalabu yupo mjukuu wa kusema pakawa. Akiwa hana, takriri ileile iliyokuwa sanaa inageuka dalili.

Lugha ya Kiswahili ina uwezo wa kutosha kumwandika mzee huyu kutoka ndani. Usimulizi wake wa kawaida hutegemea kiambishi -ka-: alikwenda sokoni, akanunua samaki, akarudi. Kitenzi cha kwanza ndicho nanga, na vinavyofuata huegemea kumbukumbu yake. Kwa kuwa maradhi haya kwa kawaida huanza kwa kuyafuta ya karibuni na kuyaacha ya zamani, mhusika huyo angekuwa na nanga ya miaka 50 iliyopita na asiwe na nanga ya asubuhi ya leo. Masimulizi yake ya ujana yangetiririka kwa -ka-, na ya leo yangekatika kila sentensi. Kezilahabi, katika Nagona (1990) na Mzingile, alikwisha kuonyesha kwamba nathari ya Kiswahili inaweza kuvunja mfuatano wa wakati na bado ikasomeka. Mbinu hiyo aliitumia kwa ajili ya falsafa. Inaweza kutumika pia kwa ajili ya ajuza mmoja anayetafuta ufunguo ulio mkononi mwake.

Hitimisho

Pingamizi mbili zinatarajiwa. Ya kwanza ni kwamba mada hii ni ya kigeni, kwa kuwa Mwafrika hamtupi mzee wake. Pingamizi hiyo inajibiwa na Marani na Kilifi, na pia na mazoea ya kila siku: watoto huhamia mijini na ng'ambo, wengine hutangulia kufa, na wapo ambao hawakujaaliwa mtoto. Ya pili ni kwamba uhakiki hauna kazi ya kutibu wala kulisha. Ni kweli. Lakini uhakiki una kazi ya kuuliza nani anaruhusiwa kuwa mtu katika matini, na kwa sharti gani.

Katika kazi zilizojadiliwa, mzee ni mtu kwa sharti la kukumbuka. Mwana Kupona anakumbuka na kuusia. Babu anakumbuka na kushtaki. Sara anakumbuka na kushukuru. Bi kizee wa ngano anakumbuka na kulipa. Wahakiki wameliridhia sharti hilo kwa kuwa liliwarahisishia kazi. Njia ya kutoka humo imo ndani ya fasihi hiyohiyo: iko kwa Dina anayepika bila kudai, na kwa hadhira inayoitikia pakawa hata kama hadithi imekwisha kusikika. Mwandishi atakayeyaunganisha hayo mawili, akamweka katikati yake mzee asiyemjua anayemlisha, ataiandikia fasihi ya Kiswahili sura iliyobaki wazi. Nao wanafunzi watakaoisoma sura hiyo, wakimkuta usiku ajuza amesimama uani mwao asijue amefikaje, huenda kwanza wakamuuliza jina lake.